Mafunzo Niliyopata kwa Kununua Boti Mara Mbili

Boti ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa nyeupe, ina mstari wa buluu ubavuni, viti vya mito na matundu ya kuwekea vikombe. Urefu mita 5.5, upana mita 2.3, kitako bapa kama sinia. Muuzaji aliitelezesha mbele yangu asubuhi moja ya Machi, kaskazi imekwisha na kusi haijaingia, bahari ya Msasani, Dar es Salaam, imelala doro. Niliwaona wanangu watatu wamekaa omo, miguu inaning'inia. Fedha nilitoa wiki ile ile.

Ya pili niliinunua baada ya miaka miwili. Hiyo niliinunua kwa magoti, kwa simu ya mkononi, kwa mizani ya vyuma chakavu na kwa ruhusa ya mama mkwe. Kilichotokea katikati ndicho hiki.

1. Boti huchaguliwa saa ya kurudi

Safari yetu ya kwanza ya familia ilikuwa Julai, Msasani hadi kisiwa cha Mbudya, kama kilomita 10. Tuliondoka saa tatu asubuhi tukiwa saba: mimi na mke wangu, watoto watatu, shemeji yangu wa Mwanza, na mama mkwe aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi, wajukuu wakamshawishi. Kwenda kulikuwa raha. Boti iliteleza, kitinda mimba akaimba, shemeji akasema, "Hii lami kabisa." Dakika 25 tukawa tumefika.

Sikujua kwamba kusi ilikuwa mgongoni mwetu. Upepo unaokusindikiza hauonekani: mwendo wa boti unaumeza, usoni husikii kitu, na mawimbi mnakwenda nayo njia moja. Unaweza kutembea ndani yake saa nzima ukadhani hakuna upepo siku hiyo.

Tulichoma samaki, watoto wakaogelea. (Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na ukizamisha uso majini unaona kwa nini.) Saa tisa alasiri tukafungasha na kugeuza omo kusini.

Nchi kavu ilikuwa imeshapata moto, na mchana kama huo kusi huongezeka nguvu. Mawimbi hayakuwa makubwa; sidhani kama yalifika mita moja. Lakini yalikuwa mafupi na yamesimama, moja limekanyagana na lingine kama ngazi za mnara. Boti ilipanda la kwanza, ikabaki hewani kidogo, ikatua kwa tumbo: pwaa! Kabla haijatulia, la pili. Mito ikaruka. Vikombe vikatoka kwenye matundu yake. Mama mkwe alikuwa amepewa kiti cha heshima kule omo ili aone vizuri. Alianza na "Bismillahi", akahamia "La ilaha illallah", na tulipoikaribia Bongoyo alikuwa hasemi kitu. Nilipunguza mwendo, nikapunguza tena, mpaka tukawa tunatambaa. Njia ya dakika 25 ilitula saa moja na nusu.

Tulipofika ufukweni alinishika mkono. "Mwanangu, kwa samaki nakushukuru. Boti yako siipandi tena."

Siku hizi mtu akiniomba ushauri wa boti, simwulizi ana shilingi ngapi. Namwuliza atarudi saa ngapi, na upepo wakati huo utakuwa umetoka upande gani wa safari yake. Mtu wa Kigamboni ana jibu lake, wa Pangani ana lake, wa Mwanza ana lake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hakuna mjadala. Siku hiyo boti yoyote ya kukokotwa kwa tela na ibaki juu ya tela. Unayonunulia boti ni zile siku ambazo tangazo halikutoka, kulikuwa na jua zuri, na bado mchana ukachafuka.

Na usihofie sana kimo cha wimbi. Hofia nafasi iliyopo kati ya wimbi na wimbi. Shemeji anasema Ziwa Victoria halina mawimbi marefu kama ya bahari kuu, na hapo anasema kweli, ila mawimbi ya ziwani hayapati masafa ya kutosha ya kurefuka, kwa hiyo hugonga haraka haraka. Kwetu huku jambo la kuangalia ni mkondo. Nje ya visiwa, maji ya pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo na mkondo ni wasafiri wa njia moja. Kaskazi ikivuma vinakutana uso kwa uso, na upepo wa kawaida tu unaweza kuyasimamisha maji yakawa kama kuta. Ndani ya ghuba na kwenye milango ya bahari, kujaa na kupwa kunafanya mchezo huohuo mara nne kwa siku.

2. Piga magoti utazame kitako

Boti ikiwa juu ya tela, nenda nyuma, piga magoti, tazama pale injini inapofungwa. Kama chini pamenyooka kama ubao wa kukatia mboga, hiyo ni boti ya mto, ya bwawa, au ya asubuhi. Kama pande mbili zinashuka na kukutana katikati kama paa la nyumba lililogeuzwa, hiyo ina pembe, na pembe hiyo ndiyo inayoamua mgongo wako utakuwaje jioni.

Sababu yake mtoto yeyote wa Feri anaijua. Akijirusha majini kwa kifua, anaungua. Akiingia kwa mikono, maji yanafunguka. Kitako bapa kinakutana na maji yote kwa mara moja. Kitako chenye pembe kinakutana nayo kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, na kishindo kinagawanyika.

Pembe yenyewe hupimwa kwa digrii. Wauzaji hupenda kukuonyesha omo, kwa sababu karibu kila boti ina omo kali; hila iko nyuma, ambako nyingi hulegea na kuwa bapa. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kupimia mlalo. Hakikisha boti imekaa sawa, bandika simu chini ya kitako karibu na tezi, upande mmoja, usome. Boti yangu ya kwanza ilisoma digrii 6. Zinazoitwa za kati huwa 12 hadi 18. Ukifika 20 na kuendelea umeingia kwenye zile kali.

Hizo kali zina historia yake. Mmarekani C. Raymond Hunt ndiye aliyezipa sifa. Mwaka 1960 boti iitwayo Moppie, iliyochorwa naye na yenye pembe ya takribani digrii 24 mpaka nyuma kabisa, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka vibaya, na umbo lake likazaa Bertram 31, ambayo watu wa boti wanaitaja hadi leo. Niliposoma habari hiyo nikaamua: yangu ijayo ni digrii 24, sitaki maneno. Ningemsikiliza vizuri huyo huyo Hunt nisingekurupuka, kwa maana miaka michache kabla yake alikuwa ameshiriki kuchora kiboti cha futi 13 cha kampuni ya Boston Whaler, kisicho na kitako kikali hata kidogo. Mtu mmoja, kazi mbili, maumbo mawili. Kiboti kile kilitakiwa kitulie watu wakisimama ubavuni.

3. Upana

Duniani kote wauza boti wanauza upana. Ndani ya boti pana unapata viti vingi, haitikisiki ikiwa imetia nanga, watoto wanacheza. Na hiyo ni kweli tupu, ufukweni.

Siku moja nilikokota ile nyeupe hadi Bagamoyo. Fundi mmoja wa mashua, mzee, alikuwa ameinamia mkuku wa jahazi na shoka lake la kuchongea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaizunguka boti yangu yote, taratibu, akapitisha kiganja chini yake. "Mkuku wake uko wapi?"

Nikamwambia hizi za kisasa hazina mkuku kama wa zamani.

"Aa." Akarudi kwenye kazi yake. Baadaye kidogo akanionyesha kwa kidevu ngalawa iliyokuwa inaingia na mzigo wa samaki. "Ile umeiona? Ni mtumbwi tu, mwembamba, mtu mnene hakai akageuka. Kutulia inatulizwa na matengo yake. Mtumbwi kazi yake ni kupita."

Nilifikiria maneno hayo njia nzima ya kurudi. Wazee walitenganisha kazi mbili: chombo chembamba kikate maji, matengo yazuie kupinduka. Sisi tunataka ubapa mmoja ufanye zote mbili. Boti mbili zenye pembe sawa na uzito sawa, ile nyembamba itapita kwa upole zaidi. Niliyonayo sasa ina upana wa mita 2.1. Ikitia nanga inayumba, ndiyo, na watoto wakiegemea upande mmoja inainama. Tumezoea.

4. Uliza inaweza kwenda polepole kiasi gani

Baada ya kusoma ya Moppie nilipata boti ya digrii 24, faiba nzito, injini kubwa. Mwenye nayo alinipeleka nje ya Kigamboni siku yenye mawimbi, akafungua mafuta hadi kilomita 45 kwa saa. Kisu kwenye siagi. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu fedha kichwani mke wangu aliponiinamia sikioni: "Mwambie apunguze. Sisi na watoto tutakwenda mwendo huu?"

Akapunguza. Kilomita 35, sawa. Kilomita 28, omo ikaanza kuinuka. Kilomita 25, boti ikakaa kitako kama ng'ombe aliyechoka, omo ikaziba mbele hatuoni kitu, injini inanguruma, mafuta yanamiminika na mwendo hakuna.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna karatasi ya mauzo inayokiandika. Boti ndogo ya injini ina maisha mawili. Ikienda taratibu inayalima maji. Ikipata mwendo inapanda na kuteleza juu yake. Katikati ya hayo mawili kuna eneo baya, omo juu na tezi chini, ambalo hakuna anayetaka kukaa. Familia kwenye maji yaliyochafuka haiwezi kwenda kilomita 45. Inataka 20 au 22, mwendo wa kusemezana. Sasa kama boti yako haiwezi kubaki juu ya maji kwenye 22, una hiari mbili tu: kuwapigisha watu kwa kasi, au kutambaa kama nilivyotambaa kutoka Mbudya.

Na hapa ndipo pembe kali inapotoza ushuru wake. Kitako kikali, hasa kikiwa kizito, kinahitaji mwendo zaidi ili kipande. Kitako bapa kinapanda upesi lakini kinapiga. Kwa hiyo hutafuti pembe kubwa kuliko zote; unatafuta ile utakayoweza kwenda nayo polepole. Kwa boti ya mita 5 hadi 5.5, mimi nimeishia digrii 19, na vibao viwili vya chuma kisichoshika kutu pale tezini vinavyoshushwa kidogo ili kukandamiza omo. Ikibaki juu ya maji kwenye kilomita 20 na watu watano ndani, nimeridhika. Kupima ni rahisi: panda hadi boti iteleze, kisha punguza mafuta kidogo kidogo huku ukitazama mwendo kwenye simu, mpaka uone omo inainuka. Andika namba. Rudia ukiwa na familia yako yote, maana boti yenye muuzaji mmoja mwembamba ni boti nyingine.

Mwenye ile boti ya digrii 24 hakufurahi nilipoiacha. Kwa kweli hata mimi sikufurahi. Ilikuwa nzuri sana kwa sura.

5. Kaa mahali atakapokaa mama mkwe

Mwendeshaji anasimama katikati au nyuma kidogo, ameshika usukani, magoti yamelegea, anaona wimbi kabla halijafika. Huyo ni shahidi mbaya. Omo ndiyo inayopanda na kushuka kuliko sehemu zote. Mahali penye utulivu pako kama theluthi moja kutoka tezini. Boti nyingi za familia zimewekwa viti vyake vizuri kabisa omo, kwa sababu hapo panapendeza kwenye picha. Siku ya majaribio mpe mwingine usukani, nenda kakae omo bila kushika kitu kwa dakika kumi. Ukishuka ukiwa bado unaitaka, lipia.

6. Tela ni nusu ya boti

Nilidhani nanunua boti yenye tela. Ukweli ni kwamba muda wangu mwingi naupitisha na tela.

Kwanza uzito. Karatasi ya boti ya kwanza ilisema kilo 750. Siku nilipoipitisha kwenye mizani ya jamaa wa vyuma chakavu, baada ya kutoa tela, injini na makorokoro, ikabaki zaidi ya 900. Ilikuwa imekunywa maji: povu lililojazwa chini ya sakafu lilikuwa limelowa kwa miaka. Boti kuukuu ya faiba isiyopimwa uzito ni kama mbuzi wa kwenye gunia. Ya sasa nimeihesabu hivi: boti tupu kilo 600, injini ya HP 75 kilo 120 hivi, petroli lita 80 ambayo ni kama kilo 60, nanga na maji na majaketi na sanduku la barafu kilo 80, tela lenyewe 350. Jumla 1,210. Gari langu la familia linaruhusiwa kuvuta 1,500 kama tela lina breki zake. Ile ya kwanza ilipita 1,600, na nilijua maana ya hiyo hesabu nilipoteremka mlima na boti ikawa inaniambia kasi ninayopaswa kwenda. Kule Ulaya tela lenye uzito unaopita kilo 750 lazima liwe na breki zake. Huku fanya hivyo hata kama hakuna anayekuuliza.

Mzigo usawazishwe hivi kwamba kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote ulale kwenye ndoano ya gari. Ukiwa nyuma zaidi, tela linaanza kucheza mkia barabarani, na hilo likianza halina adabu.

Pili, beringi. Ukikokota kilomita 50, vitovu vya magurudumu vinakuwa vya moto. Ukifika na kurudisha tela moja kwa moja kwenye maji, kitovu kinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi. Nilifanya hivyo msimu mzima. Siku moja, maeneo ya Mapinga, barabara ya Bagamoyo, kijana wa bodaboda alinipita akipiga kelele na kunyoosha kidole. Gurudumu la kulia lilikuwa linatoa moshi. Beringi ilikuwa imesagika ikawa unga mwekundu. Nikalala kituoni, boti pembeni, watu wakiniuliza kama nauza. Sasa nikifika nakunywa kwanza chai, vitovu vipoe. Nikitoka majini namwagia maji baridi yasiyo na chumvi, tela kabla ya boti. Grisi kila baada ya safari chache, na beringi za akiba ziko chini ya kiti cha dereva pamoja na nyundo.

Tatu, maji. Bamvua ya pwani yetu ina tabia yake: kwa Dar es Salaam maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kati ya hapo hupanda zaidi ya mita 3. Siku moja tulishusha boti saa nne, mchanga umenyooka mpaka mbali, nikaegesha tela pale pale nikaona nimepata nafasi nzuri. Tuliporudi saa kumi na robo hatukuliona. Mwanangu mkubwa ndiye aliyeona kipande cha mti wa kuwekea taa kikichomoza majini, ndege amekaa juu yake. Wavuvi waliocheka mpaka wakakaa chini ndio hao hao walioingia na kamba. "Haraaam-bee!" Mara nne, likatoka. Nilitaka kuwalipa, wakakataa, wakasema burudani tosha, basi nikanunua soda kreti moja. Siku hizi naangalia mwezi kabla ya kuangalia petroli. Kwenye maji mafu hakuna shida hiyo. Kuna nyingine, maji yanapwa ukiwa huko na unarudi kukuta matope.

Kutokana na hayo, boti ya tela usiinunue mpaka umeiona ikipanda na kushuka kwenye tela lake, watu wawili tu, bila harambee. Kama muuzaji anaita vijana sita, nawe utaita sita kila Jumamosi.

7. Injini ni ile anayoijua fundi wa karibu

Hili ni fupi. Injini za mipigo minne ni tulivu, zinakula mafuta kidogo, hazitoi moshi. Zile za mipigo miwili, kama Yamaha Enduro ambazo wavuvi wanazo pwani nzima, zina kelele na ulafi. Ya HP 40 ikifunguliwa mwisho inakunywa karibu lita 20 kwa saa. Lakini plagi zake zinauzwa hadi kwenye vibanda, na kila kijiji cha wavuvi kina mtu anayeweza kuifungua chini ya mwembe. Mimi nilitembea kwanza kwa mafundi watatu nikawauliza wao wangependa nilete ipi, nikanunua hiyo. Mafuta nagawa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na moja lisiloguswa. Kusi ikikukabili, fungu la kurudi ndilo linaloliwa upesi kuliko ulivyopanga.

8. Idadi ya watu isemwe kabla ya wali kuiva

Ukishakuwa na boti una ndugu. Unapanga kwenda watano, Jumamosi asubuhi wako tisa getini, na sufuria la pilau limeshafunikwa. Hapo kumwambia mtu "wewe baki" ni vigumu kuliko kuvuka kwenda Unguja. Sote tunaikumbuka MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na Ukara: zaidi ya watu 200 walikufa karibu kabisa na nchi kavu, na chombo kilikuwa kimebeba wengi kuliko uwezo wake. Kivuko ni kivuko na kiboti cha familia ni kiboti, lakini hesabu ni ileile. Watu wakizidi, ubavu unakaribia maji. Wimbi ambalo lingegonga ubavu linaingia ndani. Maji yaliyoingia yanakimbilia upande ulioinama.

Kwa hiyo nimebandika kibao ndani ya boti: WATU 6. TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, wanapokagua vyombo vidogo wanaangalia hayo, lakini kibao changu ni kwa ajili ya mashemeji. Kila mtu na jaketi okozi lake, watoto wana ya saizi yao, yanavaliwa nchi kavu. Kamba ya kuzimia injini nimeifunga mguuni kwangu, kwa sababu boti inayozunguka bila mtu usukanini hurudi pale pale ilipomwangusha.

Na uliza kama boti ikijaa maji inaelea. Marekani boti za injini ya nje zilizo chini ya futi 20 hutakiwa zielee zikiwa zimelala sawa hata zikijaa, ili watu wapate kuzing'ang'ania. Dick Fisher wa Boston Whaler alilithibitisha hilo kwa namna ya kipekee: mwaka 1961 jarida la Life lilimwonyesha amekaa ndani ya boti yake huku ikikatwa kwa msumeno vipande viwili, kisha akaondoka na nusu yake ikiwa inaelea. Muuzaji wangu sikumwomba msumeno. Nilimwomba afungue kifuniko cha sakafu nipapase povu kama ni kavu.

9. Kivuli na ndoo

Turubai la kivuli liweze kulazwa upepo ukija, la sivyo ni tanga usilolitaka. Na kama katika familia kuna wanawake na wasichana, fikiria mapema suala la haja ndogo katikati ya bahari. Sisi tuna ndoo yenye mfuniko na kanga mbili za kuzungushia. Ungeshangaa safari ngapi zimefupishwa kwa kukosa ndoo.

10. Kuuza ile ya kwanza

Boti mpya, mita 5.2, digrii 19, niliipitisha kwa mke wangu kwanza, kisha kwa watoto, na mwishowe nikapiga simu Tanga. Mama mkwe aliuliza maswali mawili: atakaa wapi, na tutarudi saa ngapi. Nikamwambia nyuma, karibu yangu, na tutarudi saa saba kabla kusi haijakolea. Alikuja Desemba, msimu ambao kusi haipo kabisa. Sikumwambia.

Ile nyeupe ilikaa miezi saba ikiwa na tangazo la kuuzwa. Watu wa Msasani walikuja wakapiga magoti nyuma yake (mtaa mzima ulikuwa umeshajifunza kwangu) wakaenda zao. Mwishowe alikuja bwana mmoja anayefanya kazi zake kwenye mto Rufiji. Nilimweleza kila kitu: kitako bapa, uzito, povu nililobadilisha, jinsi inavyopiga. Akasikiliza kwa heshima, akaulizia kina cha maji inachohitaji. Nikamwambia inaelea hata kwenye maji ya magoti. Akalipa siku hiyo hiyo.

Baada ya mwezi alinipigia. Alikuwa mtoni, nilisikia ndege na injini ikinguruma kwa mbali. Akasema haijawahi kutokea boti tulivu kama hii, abiria wake wanaipenda, na vikombe havimwagiki.